Njia ya Miguu kwa Jamaa Nzima: Kutoka Majarubani Hadi Mawe ya Buhongwa

(Mazungumzo kwa wajumbe wa vyama vya msingi)



Mazungumzo ya leo hayahusu bei ya pamba, wala madeni ya pembejeo, wala upungufu wa mizani. Mambo hayo yana siku zake, na mara nyingi hula hata siku zisizo zake. Leo linazungumzwa jambo ambalo kila mtu aliyekulia Usukuma amelijua kwa nyayo zake tangu utoto, na ambalo kwa sababu hiyo hiyo halijapata kuandikwa katika ajenda ya mkutano wowote: njia ya miguu. Si barabara. Ni ile njia itokayo nyumbani ikapita kati ya mashamba, ikapanda hadi penye miti na mawe, kisha ikarudi nyumbani kabla jua halijawa kali. Njia ambayo bibi mwenye mkongojo na mjukuu wa miaka sita waweza kuifuata pamoja bila mmoja wao kubebwa.

Mjumbe aweza kuuliza kuna ushirika gani katika kutembea. Swali hilo ni la haki, na litajibiwa, lakini itazamwe kwanza nchi yenyewe.

Buhongwa ya leo ni kata ya Jiji la Mwanza, katika Wilaya ya Nyamagana, kando ya barabara kuu iendayo Shinyanga. Walio wazee huikumbuka ikiwa kijiji. Sensa ya mwaka 2012 iliihesabia Nyamagana watu zaidi ya 363,000. Sensa ya mwaka 2022 ikawakuta zaidi ya 594,000. Watu hao walioongezeka hawakwenda kukaa juu ya maji ya Ziwa. Wamekaa juu ya mashamba. Mbele kidogo, pale Usagara, huchepuka barabara ya Kigongo, na tangu Juni 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo na Busisi lenye urefu wa kilomita 3, magari yaliyokuwa yakingojea kivuko hupita bila kusimama. Hilo ni jema kwa biashara ya kanda nzima, na mkulima wa Sengerema anajua thamani yake kuliko mtu mwingine. Lakini barabara iliyo njema kwa lori si lazima iwe njema kwa mtoto aendaye shule.

Njia ya miguu haifi kwa kishindo. Mtu hununua kiwanja, akapanda minyaa kukizunguka. Njia ikapinda kidogo. Mwaka unaofuata minyaa ikang'olewa, ukajengwa ukuta wa tofali. Jirani wa upande wa pili naye akajenga, na njia ikabaki upana wa mabega. Halafu siku moja mama aliyejitwika ndoo hufika mahali palipokuwa na njia akakuta geti. Hugeuka, akazunguka kwa barabara ya lami, na tangu siku hiyo watoto wake nao huzunguka kwa lami. Hakuna aliyetenda kosa. Mnunuzi hakuambiwa kwamba hapo palipita watu. Muuzaji hakumwambia, kwa kuwa hakudhani njia ni kitu cha kutajwa katika mauziano. Mpima viwanja naye alichora alichoonyeshwa. Ndivyo yalivyopotea mapito yaliyodumu tangu enzi za mababu, na ndivyo yatakavyopotea yaliyobaki kama hayakuandikwa.

Basi ichukuliwe jamaa moja ya Buhongwa, ya baba, mama, bibi na watoto watatu, asubuhi moja ya Jumapili mwezi wa Juni. Mvua zimekwisha, nyasi zimeanza kukauka, nyoka huonekana kwa urahisi zaidi kuliko wakati wa masika. Wakitoka saa kumi na mbili na nusu watatembea kilomita nne, kwenda na kurudi, kwa muda wa saa mbili pamoja na mapumziko. Hakuna mlima wa kupandwa kwa mikono. Hii ni safari nyepesi kabisa. Lakini katika kilomita hizo nne yamo mambo ambayo mtoto angeweza kukaa darasani mwaka mzima asiyaelewe.

Waanzie bondeni, kwenye mbuga. Udongo hapa ni mweusi, wenye kunata wakati wa mvua na kupasuka nyufa pana wakati wa kiangazi, nyufa ambazo mguu wa mtoto waweza kuingia. Hapa ndipo penye majaruba ya mpunga. Mtoto aulizwe: kwa nini mpunga hapa, na mihogo kule juu? Asipojibu, bibi atajibu. Maji hutuama katika udongo huu kwa sababu chembe zake ni ndogo mno na zimeshikamana. Mpunga wapenda kusimama katika maji, muhogo huoza.

Wakipanda hatua mia chache hufika kwenye itogolo. Hapa ardhi ni ngumu kama sakafu, na jembe hugonga likarudi. Nyasi ni fupi. Pamekuwa malisho ya ng'ombe siku zote, wala si kwa uvivu wa wakulima bali kwa sababu chini ya udongo huo mwembamba pana tabaka gumu lisilopitisha maji wala mizizi. Wakizidi kupanda, chini ya vilima vya mawe, huukuta udongo wa luseni: mchanga mchanga, mwepesi, wenye rangi ya kijivu au hudhurungi. Hapa ni kwa mihogo, viazi vitamu, karanga, na kwa miaka mingi katika nchi hii ya Usukuma hapa ndipo palipolimwa pamba nyingi. Jembe huingia bila ugomvi. Kwa hiyo nyumba za zamani nyingi zilijengwa juu huku, karibu na mawe, penye ardhi laini na pakavu, mbali na mbu wa bondeni.

Mpango huu wa udongo haukutokea ovyo. Mawe ya Mwanza ni ya aina ya matale, nayo yana umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Yaliganda chini kabisa ya ardhi, na kwa muda mrefu usiofikirika udongo uliokuwa juu yake ulichukuliwa na maji, yakabaki wazi, moja juu ya jingine, kana kwamba yamepangwa na mkono. Mawe hayo humeguka polepole kwa jua na mvua. Mchanga wake mzito hubaki karibu, ukawa luseni. Chembe laini huchukuliwa na maji hadi bondeni, zikawa mbuga. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo, Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha Amani, Tanga, alieleza jinsi aina za udongo zinavyofuatana hivyo kutoka kilimani hadi bondeni katika nchi za Afrika Mashariki, akaupa mfuatano huo jina la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Jina hilo hufundishwa hata leo katika vyuo vya kilimo duniani kote. Wasukuma walikuwa wameshazipa pingu za mnyororo huo majina, kila moja lake, kabla Milne hajafika. Mjukuu anayetembea na bibi yake kutoka jarubani hadi maweni ameusoma mnyororo wote kwa asubuhi moja, na kwa lugha mbili.

Huko juu penye mawe ndipo msitu ulipo, au tuseme mabaki ya msitu. Mikuyu imeingiza mizizi yake katika nyufa za mawe. Mikwaju na migunga husimama pale ambapo shoka halikufika kwa urahisi. Jamaa wapumzike hapa, wakae kimya kwa dakika kumi, ikiwa watoto wanaweza. Pimbi watatoka katika mapango yao kuota jua. Mjusi wa kichwa chekundu na mwili wa buluu atakuja juu ya jiwe na kuinamisha kichwa chake mara nyingi, kama mjumbe anayekubaliana na kila hoja. Huyo wataalamu wamempa jina la kisayansi litokanalo na Mwanza yenyewe, Agama mwanzae. Watoto wengi wa mjini wamempiga mawe. Ni wachache walioambiwa kwamba amebeba jina la mji wao katika vitabu vya dunia.

Yafaa kusemwa wazi kwa nini msitu huu ni mabaki, maana watoto watauliza. Sehemu kubwa ya miti ya Usukuma ilikatwa kwa amri. Tangu miaka ya 1920, hasa upande wa Shinyanga, misitu ilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o wanaoua ng'ombe kwa nagana. Kisha yakaja mashamba ya pamba, yaliyohitaji ardhi mpya kila mwaka. Kisha miji, yenye kuhitaji kuni, mkaa na nguzo. Kila hatua ilikuwa na sababu yake njema wakati wake, na jumla yake ilikuwa nchi tupu. Mwaka 1986 ukaanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI, nao haukuleta jambo geni: uliwarudisha watu kwenye ngitili, yale malisho ambayo Wasukuma tangu zamani waliyafunga wakati wa mvua ili yafae wakati wa kiangazi. Wakati huo zilikuwa zimebaki hekta zipatazo 600 tu za ngitili zilizojulikana. Baada ya muda wa miaka kama kumi na mitano ngitili zilizohuishwa zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, na mwaka 2002 mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa. Miti mingi haikupandwa hata kidogo. Ilikuwa visiki vilivyoachwa vipumue.

Hilo ndilo la kukumbukwa na chama chochote chenye kilima cha mawe jirani yake. Wapo wanaokata mawe ya vilima hivi kuwa kokoto, na si haki kuwalaumu bila kuwapa njia nyingine. Mama anayegonga kokoto chini ya turubai anasomesha watoto kwa nyundo hiyo. Lakini kilima kikigongwa chote hakioti tena, tofauti na kisiki. Kwa hiyo palipo na vilima vitatu, viwili vikitumika, kimoja chaweza kuachwa kwa makubaliano, nacho kikawa ndicho mwisho wa njia.

Sasa swali la ushirika. Vyama vya pamba vya Kanda ya Ziwa vilizaliwa katika njia za miguu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walichoka kupunjwa katika mizani ya wanunuzi, wakaanza kuweka watu wao wenyewe wa kupima. Kutoka katika juhudi hizo, zilizoongozwa na marehemu Paul Bomani na wenzake, kikaundwa mwaka 1955 Chama Kikuu cha Victoria, Victoria Federation of Co-operative Unions, ambacho katika miaka michache kilihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Mwaka 1968 kikafuata Chama Kikuu cha Nyanza. Tarehe 14 Mei 1976 vyama vikuu vikavunjwa kwa amri ya Serikali. Vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na Nyanza ikasimama tena mwaka 1984. Historia hiyo wajumbe wengi wanaijua, na wengine wana makovu yake. Kinachosahauliwa ni kwamba pamba yote hiyo, kabla ya kufika katika kinu, ilifika kwanza katika ghala la chama cha msingi, na ilifika hapo juu ya vichwa vya akina mama, kwa mgongo wa punda na kwa baiskeli, kwa njia zilizopita kati ya shamba la fulani na shamba la fulani bila mtu kulipishwa. Ghala lilijengwa mahali njia zilipokutana. Mahali pengine ghala bado lipo, na njia hazipo.

Tena watoto wa wanachama wa leo wengi hawajui pamba. Waulizwe ua la pamba lina rangi gani. Mmoja atasema jeupe, kwa kuwa ameona nyuzi. Ua hufunguka likiwa na rangi ya maziwa yenye umanjano, na siku ya pili likageuka waridi, kisha likaanguka na kuacha tumba. Mwendo mfupi kwa gari kutoka Buhongwa, katika Wilaya ya Misungwi, kipo kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kilichoanza kazi ya pamba tangu miaka ya 1930. Herufi UK zilizo mbele ya majina ya mbegu, kama vile UK 77, UK 82 na UK 91, zatokana na jina la kijiji hicho. Mbegu iliyolisha nchi ilitoka nyumbani, na mtoto wa mwanachama hana habari. Chama chenye wanachama wa umri wa miaka sitini, ambacho watoto wao hawajui ua la pamba, hakihitaji mkaguzi wa kukiambia mwisho wake.

Nchi nyingine zimekwisha kulitumia jambo hili dogo. Nchini Ujerumani, katika bonde la mto Ahr, kuna kijiji cha Mayschoß. Wakulima wake wa zabibu, wakiwa maskini na wakipunjwa na wafanyabiashara wa mvinyo hata wengine wakahamia Marekani, waliunda chama chao mwaka 1868, nacho hutajwa kuwa chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu kikongwe kuliko vyote duniani ambacho kingali kinafanya kazi. Mwaka 1972 ilifunguliwa katika bonde hilo njia ya miguu ya kilomita 35 hivi, ipitayo katikati ya mteremko, mizabibu ikiwa juu na chini yake, na mahali pengine ikiingia msituni. Alama yake ni kichala chekundu cha zabibu. Hakuna alazimikaye kuitembea yote: jamaa wenye watoto huchukua kipande cha saa mbili, wakateremka kijijini, wakala chakula, wakanunua chupa katika ghala la chama. Hakuna kiingilio cha njia. Fedha hupatikana chini, si juu.

Julai 2021 mafuriko makubwa yalilipiga bonde hilo, watu zaidi ya 130 wakapoteza maisha, madaraja yakasombwa na maghala ya mvinyo yakajaa tope. Mizabibu ya miteremkoni kwa sehemu kubwa ilisalimika, kwa kuwa ilikuwa juu ya maji. Chupa zilizochimbuliwa katika tope ziliuzwa jinsi zilivyo, zikiwa na tope lake, kwa watu waliotaka kusaidia. Na wengi wa watu hao walilijua bonde lile kwa sababu walikuwa wamelitembea kwa miguu.

Hapa kwetu mizabibu ipo Dodoma, ilikopandwa na wamisionari huko Bihawana katika miaka ya 1950, na leo ina wakulima wake katika Hombolo, Mpunguzi na Makutupora. Vyama vya huko vingeweza kufanya kama Mayschoß kesho asubuhi. Buhongwa haina mizabibu, na si lazima iwe nayo. Ina majaruba, mihogo, miembe na mawe, na watu wengi zaidi jirani wenye Jumapili isiyo na pa kwenda.

Mahali pa kwenda Mwanza si pengi. Kipo kisiwa cha Saanane, kilichopewa jina la mkazi wake wa zamani, Saanane Chawandi. Kilifanywa bustani ya wanyama mwaka 1964 na kutangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013, nacho ni hifadhi ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18 pamoja na maji yake. Kina njia nzuri za miguu kati ya mawe, na jamaa iliyopata nauli ya boti na kiingilio haitajuta. Ipo pia Bujora, karibu na Kisesa, ambako Padre David Clement kutoka Kanada alisaidiana na Wasukuma kujenga makumbusho yao, yenye nyumba ya ngoma za watemi na nyumba ya mhunzi. Mahali hapo pawili panafaa kutembelewa na kila mwanachama walau mara moja. Lakini hapo ni pa siku moja katika mwaka. Njia ya miguu ni ya kila juma, nayo huanzia mlangoni.

Kuhusu sheria, jambo si gumu kama linavyodhaniwa. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 inatambua njia za umma, na inatambua pia haki ya kupita katika ardhi ya jirani. Katika maeneo ya mjini yanayorasimishwa, majirani hukaa pamoja kukubaliana barabara na mapito kabla ramani haijakamilika. Huo ndio wakati. Baada ya hati kutolewa, kila mita ya njia ni kesi. Chama chenye wanachama katika mtaa unaopimwa kipeleke mjumbe katika mkutano wa mtaa, na mjumbe huyo aende na mchoro mkononi, unaoonyesha njia ilipo, upana wake, na majina ya wote ambao inapita kwao pamoja na sahihi zao au alama za vidole. Asiende na hotuba. Palipo na shamba ambalo mwenyewe hataki, njia izunguke. Njia iliyopatikana kwa kumshinda jirani itakuwa na miiba kila masika.

Sharti mambo machache ya usalama yaangaliwe bila mzaha. Njia isishuke hadi ukingoni mwa Ziwa kwa ajili ya watoto kuoga. Konokono wenye vimelea vya kichocho wamo katika maji ya pwani ya Ziwa na hata katika majaruba na vidimbwi, na mtoto huambukizwa kwa kukanyaga maji tu, bila kuyanywa. Kwa hiyo bondeni watoto wapite juu ya tuta wakiwa na viatu. Tena Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa kuwa eneo la kulindwa, hivyo asitokee mjumbe wa kupendekeza kibanda cha soda pale majini. Pango lolote lenye nyuki liachiwe nyuki. Siku ya ngurumo hakuna kupanda maweni. Kanda hii ina radi nyingi, na jiwe lililo peke yake juu ya kilima si mahali pa kujikinga.

Alama ziwe rahisi. Duara la chokaa juu ya jiwe au shina, ukubwa wa kiganja, kila baada ya hatua mia moja na kila penye njia panda. Alama ichorwe mahali ambapo mtoto ataiona, si ambapo mchoraji mrefu alifikia. Pawe na mahali pawili pa kukaa, chini ya kivuli kilichopo, gogo linatosha. Ubao mmoja mwanzoni useme urefu wa njia, muda wake, na majina ya udongo na miti kwa Kiswahili na Kisukuma.

Sasa fedha, maana wapo waliosikia habari za wageni na papo hapo wakaanza kupiga hesabu ya posho. Njia hii haitaleta fedha mwaka wa kwanza, na pengine hata wa pili. Kanuni ya saba ya ushirika, iliyopitishwa na Muungano wa Kimataifa wa Ushirika katika mkutano wa Manchester mwaka 1995, inavitaka vyama vijali jamii vilimo, na kwa kanuni hiyo mkutano mkuu una haki ya kutenga kiasi kidogo kwa kazi kama hii. Lakini kiasi hicho kionekane katika makisio ya mapato na matumizi, kisiibuke katika daftari mwezi wa Desemba kama gharama nyinginezo. Chokaa, ubao na misumari havizidi uwezo wa chama chochote kilicho hai. Nguvu kazi ni ya wanachama wenyewe. Chama kisikope kwa ajili ya njia. Kisiajiri mlinzi wa njia. Kisinunue sare.

Na kama siku moja wageni wakaja, akina mama wanachama wauze viazi, mihogo ya kuchemsha, matunda na uji mahali njia inapoishia, kila mmoja kwa faida yake, na chama kiuze mchele na karanga za wanachama kwa stakabadhi. Kupita kusitozwe. Siku kitakapowekwa kizuizi na mtu wa kukatisha tiketi, bibi hatapita tena na mjukuu wake, na watakaobaki ni wageni wawili kwa mwezi na ugomvi wa wajumbe juu ya kitabu cha tiketi. Kesi za namna hiyo zimeonekana katika visima, katika mashine za kusaga na katika majosho, na hakuna sababu ya kudhani njia itaepuka.

Kwa vyama vitakavyotaka kuanza msimu huu, kinachohitajika ni kamba ya mita 100, panga moja, daftari, na katika kila mtaa mzee mmoja, yafaa awe mwanamke, atakayeonyesha njia ilipokuwa ikipita alipokuwa akibeba pamba. Wanawake ndio wanaokumbuka, kwa kuwa walipita wakiwa na mzigo. Kazi ianze upande wa majarubani kabla ya saa moja asubuhi, ili maweni wafike wakati bado yanakalika.